RAV4 inayochemsha: kwa nini thamostati isitolewe

Gari likianza kuchemsha Arusha, ushauri wa kwanza mtaani ni kutoa thamostati. "Huku kwetu baridi, mzee, hicho kidude cha nini?" Kwa RAV4 za kizazi cha kwanza, zile za 1994 hadi 2000 zenye injini ya 3S-FE, ushauri huo unaongeza tatizo badala ya kulipunguza. Kazi iliyofanyika uani Sakina, Arusha, kwenye gari la aina hiyo inaonyesha sababu. Inaonyesha pia kuwa mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe bila kugusa hedi.

Magari haya bado yapo mengi barabarani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania inaruhusu, ila mwenye gari anatozwa ushuru wa ziada kwa uchakavu. Anayelipa ushuru huo hununua na kazi ya kulitunza.

Tuanze na dalili. Gari hili lilitulia vizuri kwenye foleni za mjini, lakini likitokea Namanga, mara tu lilipoanza kupanda Oldonyo Sambu, mshale wa joto nao ulipanda. Hapo nusu ya uchunguzi imeshakwisha. Gari linalochemsha likiwa limesimama huwa na tatizo la feni, kwa sababu likiwa mwendoni upepo wenyewe hupooza rejeta. Linalochemsha mlimani lina moja kati ya haya: maji hayazunguki vya kutosha, rejeta imeziba, au mfumo haushiki presha. Basi feni iliachwa, kazi ikaanzia kwenye kifaa cha bei ndogo kuliko vyote: mfuniko wa rejeta.

Mfuniko huo umeandikwa 0.9, yaani unashikilia presha ya kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba kabla ya kuachia. Hapa mwinuko unaingia kwenye hesabu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima huyafikisha kama 115 kabla hayajachemka. Mpira wake ukifa, dereva anabaki na zile 95, na injini inayovuta mlima hufika huko bila taabu. Mwenye mfuniko mbovu Tanga, pwani, ana nafuu ya nyuzi tano hivi ambazo wa Sakina hana. Kwenye gari hili mpira ulikuwa umekauka na kupasuka ukingoni, na michirizi ya kutu ilishuka kutoka kwenye shingo ya rejeta.

Ulifungwa mfuniko mpya peke yake, gari likarudishwa mlimani. Maji hayakumwagika tena, lakini mshale uliendelea kupanda. Jaribio hilo ndilo lililotenganisha hitilafu mbili. Presha ilikuwa imerudi, ila joto lilikuwa bado halitoki kwenye injini. Vingebadilishwa vyote kwa mpigo, jambo hilo lisingejulikana.

Hatua iliyofuata ilikuwa kufungua kikombe cha thamostati. Kilikuwa kitupu, fundi wa zamani alishaitoa. Katika 3S-FE, thamostati hukaa upande ambao maji yanaingia kwenye injini yakitoka kwenye rejeta, nayo ina vali mbili. Vali kubwa inapofungua njia ya rejeta, kisahani kidogo nyuma yake hufunga njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka tu ndani ya injini. Kwenye tambarare gari linavumilia, mlimani linashindwa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vimekataza kabisa kuitoa, hata kama injini inachemsha. Na hoja ya baridi inageuka dhidi ya wanaoitoa: asubuhi ya Julai injini isiyo na thamostati inachelewa kupata joto na inakunywa mafuta mengi zaidi.

Thamostati mpya nayo hupimwa kabla ya kufungwa. Ya nyuzi 82 huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, moto ukiwa mdogo. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya 80 na 84, na ifikapo 95 iwe imeachia milimita 8 au zaidi. Kwa mkazi wa Arusha hiyo ni bahati, kwa sababu 95 ndipo sufuria yake inapochemka. Asiye na kipimajoto anasubiri maji yachemke, kisha anapima uwazi kwa rula. Hufungwa kile kipini cha kupitisha hewa kikiwa juu.

Maji ya zamani yalitoka na rangi ya kutu, matokeo ya kujaza maji ya bomba matupu kwa miaka. Mfumo ulisafishwa mpaka maji yakatoka meupe, ukajazwa kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Kisha pua ya gari iliinuliwa, hita ikawekwa kwenye joto, injini ikaachwa ingurume mfuniko ukiwa wazi hadi mapovu yakaisha. Hewa iliyobaki ndani ingeharibu kazi yote.

Safari ya mwisho ya Oldonyo Sambu, mshale ulikaa chini kidogo ya nusu hadi juu.

Kazi ya nyumbani ina mpaka wake. Mapovu yasipokwisha, maji yakipungua bila kuvuja popote, au oili ikiwa na rangi ya maziwa, hiyo ni dalili ya gasketi ya hedi. Hapo gari liende gereji yenye spana ya toki na rula ya kupimia kama hedi imepinda. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, na kulanti iliyotolewa isimwagwe mferejini: ni sumu yenye utamu, na mbwa huiramba. Yaliyo ndani ya mpaka huo yafuate mpangilio wa gari hili: dalili kwanza, kisha kifaa cha bei ndogo, kimoja kimoja, na mlima uleule kila mara.