Guru wa Tankara na Methali ya Baniani

Kila mwanafunzi wa skuli zetu amefundishwa methali isemayo: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Nasi tulifundishwa, na mwalimu wetu alitueleza maana yake kwa sentensi moja, kwamba usimdharau mtu usiyempenda, huenda ukamhitaji. Maelezo hayo ni sahihi. Lakini hapana hata mmoja kati yetu aliyeuliza huyo Baniani ni nani, anaamini nini, wala ubaya wake ni upi. Kengele ya hekalu la Hurumzi tulikuwa tukiisikia kila siku tukipita kwenda chuoni na misahafu yetu kwapani. Tuliijua sauti yake, hatukuijua sababu yake.

Na si sisi tu. Lugha yetu nayo imekaa na Wahindi kwa karne nyingi kwa namna hiyo hiyo. Tumepokea kutoka lugha za Bara Hindi maneno hundi, bima, laki, gunia, cheti na chapa. Kutoka Kigujarati tumelipokea neno bepari, ambalo kwao ni mfanyabiashara tu, nasi tumelitia uzito mwengine. Hayo yote ni maneno ya dukani na forodhani, na haishangazi, kwani majahazi ya Mandvi na Porbandar yaliyokuja na kaskazi yalileta nguo na wafanyabiashara, na Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch, alishika ushuru wa forodha ya Unguja katika zama za Seyyid Said. Lakini neno sanyasi, yaani mtawa wa Kihindu aliyeiacha dunia, halikuvuka kizingiti cha duka. Katika makala haya tunakusudia kumtazama sanyasi mmoja ambaye athari yake ilifika Mji Mkongwe na ikadumu miaka mingi bila ya jirani zake kumjua hata jina. Huyo ni Swami Dayananda Saraswati.

Alizaliwa mwaka 1824 katika mji mdogo wa Tankara, rasi ya Kathiawar, Gujarat, katika nyumba ya Mabrahmani waliomwabudu Shiva. Jina lake la utotoni lilikuwa Mool Shankar. Kisa kilichomgeuza yeye mwenyewe amekisimulia. Akiwa na umri wa miaka 14 alikesha hekaluni usiku wa Shivaratri pamoja na baba yake. Wakubwa wote walisinzia, yeye akabaki macho, na mara akamwona panya akipanda juu ya sanamu na kula vyakula vilivyowekwa kwa ajili ya mungu. Kijana akajiuliza: huyu asiyeweza kumfukuza panya ndiye mwenye kuuendesha ulimwengu? Baadaye akafiwa na dada yake, kisha ami yake aliyempenda. Wazee walipokuwa wakimtafutia mke, akatoroka. Hiyo ilikuwa mwaka 1846, naye alitangatanga karibu miaka 15 akitafuta mwalimu.

Mwalimu alimpata Mathura: sanyasi kipofu, Virjanand, bingwa wa sarufi ya Kisanskriti, mkali wa ulimi na wa mkono. Alisoma kwake hadi mwaka 1863. Ilipofika siku ya kuagana, mwanafunzi alitakiwa kutoa ada ya mwalimu, naye hakuwa na kitu. Wapokezi wa habari zake wanasema alimletea karafuu kidogo, kwa kuwa mzee alikuwa akizipenda. Hapa sisi Waunguja hatuna budi kutabasamu, maana katika miaka hiyo visiwa vyetu ndivyo vilivyokuwa vikitoa sehemu kubwa ya karafuu za dunia, na Bombay lilikuwa soko lake kubwa. Hatudai kwamba karafuu za Virjanand zilichumwa Pemba. Lakini kama ni hivyo, basi mtumwa aliyezichuma naye ana sehemu yake katika kisa hiki, wala hakuna aliyemtaja. Virjanand alizipokea, kisha akataka ada nyengine: mwanafunzi aitoe roho yake yote kuwarejesha watu kwenye Veda, vitabu vyao vya kale, na kuyaacha yaliyozuliwa baadaye.

Dayananda alitekeleza. Mwaka 1869 aliingia Kashi, mji mtakatifu kuliko yote, akawakabili wanazuoni wake mbele ya Maharaja wa mji huo, na swali likiwa moja: wapi katika Veda mmeamrishwa kuabudu masanamu? Wazee wetu wangeuita mkutano huo munadhara, na kama ilivyo kawaida ya munadhara, kila upande ulirudi nyumbani ukisema umeshinda.

Msomaji aliyekulia Darajani au Malindi, ambaye kwake Baniani na sanamu ni kitu kimoja, asimame hapa kidogo. Huyu ni mtawa wa Kihindu aliyesema kwamba Mungu ni mmoja, hana umbo, wala hafanyiwi mfano. Nyumba za ibada za wafuasi wake hazina sanamu. Kuna moto mdogo unaotiwa samli na manukato huku zikisomwa aya za Veda. Alikataa pia kwamba mtu huwa Brahmani kwa kuzaliwa tu, akapinga kuozwa kwa watoto, akasema msichana asiolewe kabla ya miaka 16 wala mwanamume kabla ya 25. Juu ya yote, alisema kwamba mtoto wa kike ana haki ya kusoma Veda kama ndugu yake wa kiume. Neno hilo la mwisho ndilo lililosafiri mbali zaidi.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, tendo lake kubwa kuliko yote ni la lugha. Hadi alipofika Calcutta mwishoni mwa mwaka 1872 alikuwa akihutubia kwa Kisanskriti, lugha ambayo umma haukuielewa, na wakalimani wakigeuza maneno yake watakavyo. Huko Keshab Chandra Sen, mrekebishaji mwengine wa dini, alimshauri aseme kwa Kihindi. Dayananda alikuwa na umri wa karibu miaka 50. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigujarati, ya elimu yake Kisanskriti, na Kihindi alikijua kama msafiri akijuavyo. Akakubali. Mwaka 1874 alianza kuhutubia kwa Kihindi, na mwaka 1875 kikatoka kitabu chake kikuu, Satyarth Prakash. Mwaka huo huo aliasisi Bombay jumuiya yake, Arya Samaj. Toleo la kwanza la kitabu lilikuwa na Kihindi kibovu, naye hakulificha jambo hilo: katika dibaji ya toleo la pili, lililochapishwa mwaka 1884 baada ya kufa kwake, amekiri kwamba wakati ule hakuwa akiimudu lugha. Sisi tunaotunga tunajua jinsi ungamo la namna hiyo lilivyo zito. Ni wangapi kati ya waandishi wetu, wenye elimu ndogo kuliko yake, watakubali kuonekana wanafunzi mbele ya umma ili umma uwafahamu?

Sasa tuje kwenye upande wa pili, maana sifa peke yake si uhakiki. Kitabu hicho kina milango 14. Katika minne ya mwisho mwandishi anazipima dini na madhehebu za watu: kwanza za Wahindu wenzake, kisha za Majaini na Mabudha, mlango wa 13 Ukristo, na wa 14 Uislamu. Anachukua aya baada ya aya ya Kurani na kuweka chini yake pingamizi lake, kama mwendesha mashtaka mbele ya mshtakiwa asiye na wakili. Kiarabu hakukijua; alitegemea tafsiri. Mtu aliyewalaumu wanazuoni wa Kashi kwa kuikata Veda vipande na kuisoma bila ya sarufi yake, amekifanyia kitabu cha wenzake jambo lile lile. Huo ndio upungufu wake mkubwa, nao haukupita bila ya gharama. Maulana Sanaullah wa Amritsar alimjibu kwa kitabu, na majibizano yakaendelea vizazi. Mwaka 1944 serikali ya jimbo la Sindh ilipiga marufuku uchapishaji wa mlango wa 14. Hata Gandhi, Mgujarati wa Kathiawar kama yeye, ambaye aliwahi kupita Unguja mwaka 1893 akielekea Afrika ya Kusini, aliandika mwaka 1924 kwamba kitabu hicho kilimvunja moyo, ingawa alimheshimu sana mwenyewe.

Unguja tunalijua jambo hili. Mwaka 1923 Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kiingereza, alitoa tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ili iwasaidie wahubiri wa Kikristo katika hoja zao. Jibu lililodumu halikuwa la ugomvi. Sheikh Abdullah Saleh Farsy alikaa akaifasiri Kurani yote kwa Kiswahili chetu, ikatoka kamili mwaka 1969, na leo tafsiri yake ndiyo imo majumbani. Mwanafunzi atakayevisoma visa hivi viwili pamoja atajifunza mengi kuhusu kazi ya mfasiri.

Dayananda alifariki Ajmer mwezi Oktoba 1883, siku ya Diwali. Wanafunzi wake walitawanyika. Shyamji Krishnavarma, mzaliwa wa Mandvi, bandari ile ile iliyotuletea majahazi, alifika Oxford, na mwaka 1905 akafungua London nyumba ya vijana waliotaka uhuru wa India. Upande wetu wa bahari, Arya Samaj ilianzishwa Nairobi mwaka 1903, na mwanzoni mwa karne hiyo ya 20 ikawa na tawi Unguja.

Hapa Mji Mkongwe athari ya guru haikupita kitabuni, ilipita skulini. Tukumbuke kwamba Mabaniani wengi wa zamani walikuja Unguja bila ya wake zao, kwa kuwa kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa najisi. Wake walipoanza kuja, na watoto kuzaliwa katika nyumba za mawe za mji huu, likazuka swali la kuwasomesha mabinti. Arya Samaj ikajibu kwa skuli ya wasichana. Hekalu la jadi lisingelijibu swali hilo kwa wepesi, wala duka lisingelijibu. Lilijibiwa na wafuasi wa mtu ambaye aliiacha nyumba ya baba yake asiozwe, wala hakupata kuwa na binti.

Lakini watu hao hao hawakumfuata guru wao katika lile tendo la Calcutta. Yeye aliacha lugha ya elimu yake na ya mama yake ili asikike na waliomzunguka. Wao walizungukwa na Kiswahili, wakakisema vizuri sana dukani, na wakafunga mlango wakaendelea na Kigujarati na Kihindi walipotaka kusema mambo ya roho na akili. Hatusemi kosa lilikuwa lao peke yao. Serikali ya kikoloni iligawa skuli kwa rangi na kabila, na ikatoa misaada kwa mgawanyo huo, kwa hivyo mtoto wa Kiswahili wa mtaa ule ule hata angetaka asingekaa kwenye dawati lile. Na sisi wenyewe hatukugonga mlango. Tulikwishatosheka na methali.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 skuli zikawa za Serikali, na tarehe 23 Septemba mwaka huo ikatangazwa elimu bila ya malipo kwa watoto wote wa Unguja na Pemba. Mtoto wa mchukuzi na mtoto wa mwenye duka waliweza kusoma chumba kimoja. Wakati huo huo Wahindi wengi walikuwa wakifunga virago kwenda Dar es Salaam, Bombay na Uingereza, na wengi wa wasichana waliofundishwa kwa sababu ya panya wa Tankara hawakuwapo kukaa kwenye madawati hayo pamoja nasi.