Kifungu Kinasemaje?

Kuna ustadi ambao watoto wetu hufundishwa wakiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, wakautumia ndani ya chumba cha mtihani, kisha wengi wakauacha humo humo. Ni ustadi wa kusoma kifungu cha habari, kulitazama swali lililo chini yake, kuyapima majibu manne yenye herufi A hadi D, na kuchagua moja kwa sababu unayoweza kuieleza. Nchini Kenya mtihani wa KCPE wa kumaliza shule ya msingi, uliodumu kutoka 1985 hadi 2023, uliwafikisha hapo mamilioni ya watahiniwa, na nchini Tanzania mtihani wa darasa la saba nao umekuwa na maswali ya ufahamu. Mimi nausifu ustadi huu bila kusita, na nausifu zaidi pale kifungu kinapozungumzia mambo ambayo hata watu wazima hugombana wakiyajadili: nani amiliki ardhi, fedha ina kazi gani, mkulima anadaiwa nini na taifa, na taifa nalo linadaiwa nini na mkulima.

Kifungu kuhusu maisha ya nyuki hakimchomi mtu. Kifungu kuhusu ujamaa kinachoma. Darasani humo humo yupo mjukuu wa mzee aliyehamishiwa kijiji cha ujamaa akapata shule na zahanati kwa mara ya kwanza, na yupo mjukuu wa mwenye nyumba iliyotaifishwa mwaka 1971. Kila mmoja amekula chakula cha jioni akisikia hadithi ya kwao. Wakifungua karatasi, hakuna anayeanza kusoma akiwa hana upande. Ndiyo maana nasema hapa ndipo usomaji unapopimwa kweli.

Tuchukue Azimio la Arusha, tamko lililoweka siasa ya ujamaa nchini Tanzania. Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ilikutana Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari. Sehemu yake ya tatu, inayohusu kujitegemea, ni hazina kwa mtunzi wa maswali ya ufahamu, kwa sababu inajenga hoja hatua kwa hatua na kila hatua ina mahali pa kuteleza. Inataja mahitaji manne ya maendeleo, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, na fedha haimo katika hayo manne. Sasa swali: kwa mujibu wa kifungu, fedha ina nafasi gani katika maendeleo? A, fedha haihitajiki kabisa. B, fedha ndiyo msingi wa maendeleo. C, fedha ni tunda la maendeleo, si msingi wake. D, mkopo ni bora kuliko msaada wa bure.

B huchaguliwa na anayejibu kwa akili yake badala ya macho yake. Nimewasikia wengi darasani: "Lakini Mwalimu, bila hela huwezi kufanya chochote!" Na jibu langu ni lile lile: "Huo ni msimamo wako, mwanangu, na unaweza kuwa sahihi. Kifungu kinasemaje?" Swali hilo dogo ndilo mzizi wa ustadi wote. Halimnyang'anyi mtoto maoni yake. Linamwomba ayaweke pembeni kwa dakika mbili ili asikie maoni ya mwingine mpaka mwisho.

A ni mtego wa hali ya juu zaidi, kwa sababu anayenaswa nao ameshaelewa kifungu kinakoelekea, ila amekipita. Amesoma kwamba fedha si msingi, akakimbilia kusema haina kazi. Na hapa Azimio linafurahisha sana, maana waandishi wake walimwona msomaji huyo akija mbio wakamzuia mlangoni: sehemu ile ile inaeleza wazi kwamba hawasemi fedha haina maana, wala hawasemi nchi haitajenga viwanda, wala hawasemi haitatafuta fedha kutoka nje. Asiyefika aya hiyo atamlaumu Julius Nyerere, rais na kiongozi wa TANU wakati huo, maisha yake yote kwa jambo ambalo Azimio lilikana kwa maandishi. Nimekutana na watu wazima wenye shahada wanaofanya hivyo.

Kisha kuna D, na D ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ni kweli. Azimio linasema hivyo hasa, kwamba mkopo ni afadhali kuliko msaada wa bure, kwa kuwa anayekopa analazimika kuonyesha namna atakavyolipa, ingawa mkopo nao una mpaka wake. Mtahiniwa anayekumbuka sentensi hiyo huona fahari, akapaka kivuli kwenye D, akakosa. Swali halikuuliza kuhusu mkopo. Kusema la kweli lisilojibu ulichoulizwa ni kosa linalojaa katika mikutano ya hadhara, katika mahojiano ya redio na katika majibu ya mawaziri bungeni, na sijui somo jingine la shule ya msingi linalolikamata kosa hilo kwa usahihi kama D iliyotungwa vizuri. Linabaki C, nalo halishindi kwa kuwa ni zuri. Linashinda kwa kuwa limebaki baada ya mengine matatu kuhojiwa moja moja.

Kuna maswali mengine ambayo jibu lake halimo katika sentensi yoyote. Tuseme mtunzi amekifupisha kifungu akakiacha na mambo matatu: mikopo ya nje inajenga zaidi mijini, hospitali kubwa zikiwemo, mikopo hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni, fedha za kigeni nchi inazipata zaidi kwa kuuza mazao ya shamba. Mzigo mkubwa wa kulipa unamwangukia nani? Wengi huandika serikali, kwa sababu serikali ndiyo inayotia saini. Anayesoma kwa makini huifuata shilingi kinyumenyume: kutoka hospitali ya mjini hadi mkopo, kutoka mkopo hadi fedha za kigeni, kutoka hapo hadi kwenye pamba ya Usukuma na kahawa ya Bukoba, na mwishoni anamkuta mkulima aliyeshika jembe, ambaye huenda hospitali hiyo hataiona. Hiyo ilikuwa mojawapo ya hoja nzito za Azimio, onyo kwamba mji unaweza kumnyonya mwanakijiji bila mtu yeyote kukusudia. Mtoto aliyeifikia kwa kuunganisha mambo matatu ameielewa kuliko aliyekaririshwa.

Upande wa Kenya kuna maandishi mengine yanayostahili kusomwa hivyo: Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965, uliohusu usoshalisti wa Kiafrika na matumizi yake katika mipango ya nchi, Tom Mboya akiwa waziri wa mipango ya uchumi. Muulize msomaji wa leo: kwa mujibu wa waraka, Kenya ingefuata mfumo gani? Atasema ubepari, kwa sababu anajua mambo yalivyokwenda baadaye. Lakini waraka wenyewe uliukataa ubepari wa Magharibi na ukomunisti wa Mashariki kwa pamoja, ukasema utajenga juu ya desturi za Kiafrika za demokrasia na za kuwajibikiana. Waraka huo huo ukaeleza kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yatakayozalisha zaidi, yenye ardhi nzuri, mvua na barabara. Mambo hayo mawili yamo ndani ya maandishi yale yale, na msomaji mzuri hayaachi yakwepane. Julai 1965 mchumi Barack Obama, baba wa yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliuchambua waraka huo katika jarida la East Africa Journal. Uchambuzi wake ulikuwa mkali, lakini alishughulika na yaliyoandikwa. Ukosoaji wa namna hiyo hujibika. Ukosoaji wa kitu ambacho hakikuandikwa haujibiki, hupigiwa kelele tu.

Wapo wanaosema maswali ya kuchagua ni bahati nasibu. Hesabu yake ni rahisi: kwa majibu manne, anayebahatisha maswali ishirini atapata yapata matano, na hilo halimpeleki popote. Akiweza kuondoa mawili kwa hoja, nafasi yake inapanda hadi nusu, na anastahili, maana kujua kisichosemwa nako ni kujua. Tena uhusiano wa maswali haya na usomaji ni wa tangu zamani: mtihani wa kwanza wa aina hii unaotajwa sana, uliotungwa na Frederick J. Kelly huko Kansas, Marekani, karibu mwaka 1915, ulikuwa mtihani wa kusoma kimya. Nakubali kwamba kuchagua si kuandika. Mtoto asiyewahi kuandika aya yake mwenyewe kuhusu haki na mali atabaki nusu. Lakini anayeandika bila kujua kusoma atawajibu watu waliomo kichwani mwake tu.

Sifa nyingine niitoe kwa mtunzi wa maswali, ambaye hakuna anayemkumbuka. Jibu sahihi kulitunga ni kazi ya dakika tano. Majibu matatu yasiyo sahihi yanaweza kumla jioni nzima, kwani kila moja lazima liwe kosa ambalo mtu mwenye akili timamu angelifanya: mmoja amezidisha, mwingine amejibu kwa imani yake, mwingine amejibu swali lisiloulizwa. Ili kuyatunga, mtunzi analazimika kufikiri kama watu watatu asiokubaliana nao, na kuwatendea haki.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu wa ufahamu. Mnaposahihisha, msiishie kusoma "moja C, mbili A, tatu D" watoto wakaweka vyema na mikasi. Chagueni swali moja tu kila wiki, hasa la kifungu kinachogusa mali, kodi, ardhi au mshahara, mkampe mtoto aliyekosa nafasi ya kusimama na kueleza kilichomvuta, kisha aliyepata aonyeshe kwa kidole mstari uliomwongoza. Kipindi kitakwisha mmefanya swali moja, na hakuna hasara.