Kisu, Kikonyo na Subira

Magari ya watalii hupita Karatu kwa haraka, yakiwahi Lango la Loduare la kuingilia Ngorongoro, na aliyemo ndani haoni zaidi ya mahindi na vumbi jekundu. Nyuma ya mahindi hayo, chini ya kivuli cha nyasi, vimepangwa viriba vyeusi vya miche. Mzee ameketi kwenye kigoda, kisu mkononi, anabebesha miparachichi.

Ukipanda kokwa ya parachichi tamu, usitegemee kuvuna lile lile ulilokula, kwani mparachichi hauzai mtoto wa kufanana na mama. Ndiyo maana kila mparachichi wa aina ya Hass unaouona, wa Njombe au wa Karatu, asili yake ni mti mmoja wa California, mti wa mpeleka barua Rudolph Hass, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Inasimuliwa kwamba yeye alitaka kuubebesha aina nyingine, Fuerte, lakini vikonyo, yaani vijitawi vya kupachika, vikakataa kushika, akawa karibu kuukata. Pamoja na kwamba naipenda stadi hii ya kubebesha, nafurahi kwamba siku ile ilishindikana! Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, lakini matawi yake yanazidi kupandwa.

Nilidhani ufundi uko kwenye kisu. La. Nusu ya asubuhi mzee hakukata chochote. Alizunguka miti mikubwa akitazama ncha za matawi, akiacha nyingi kuliko alizochuma. Kikonyo kichanga mno hunyauka kabla hakijashika. Chenye jicho lililokwisha kuchanua kimechelewa. Anakitaka kile kilichokomaa, jicho limevimba ila bado limefumba, na unene wake ulingane na mche, kiasi cha penseli. Akikipata hukata majani papo hapo, kisipoteze maji, akakifunga kwenye kitambaa kibichi.

Mche wa chini ni wa kienyeji, umeota kutokana na kokwa za kawaida. Huukata kichwa, akaupasua katikati, kisha akachonga kikonyo pande mbili kama kabari. Mikato ni mirefu na laini, kila upande kwa pigo moja, maana kisu kikirudi mara ya pili kinaacha mawimbi, na penye mawimbi hapagusani. Akichomeka, hatazami katikati ya mti. Anatazama ule utando wa kijani chini ya ganda, kwa kuwa hapo tu ndipo miti miwili inaposhonana. Kikonyo kikiwa chembamba, hukisogeza upande mmoja, ganda kwa ganda, na upande wa pili akauacha ulivyo. Kisha nailoni, kutoka chini kwenda juu, imevutwa hadi inalia.

Baada ya hapo ni kungoja wiki kadhaa bila kugusagusa. Wageni kama mimi ndio tunaotaka kufungua tuone.

Shambani, katikati ya safu za Hass, amepanda Fuerte hapa na pale, ingawa soko linamtaka Hass. Sababu ni saa za maua. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha dume. La Hass ni jike asubuhi, na dume kesho yake alasiri. La Fuerte ni jike alasiri, na dume kesho yake asubuhi. Kwa hiyo Hass anapokuwa tayari kupokea, jirani yake ana chavua, na nyuki anamaliza shughuli. Baridi ya huku juu huvuruga saa hizo, lakini mwenye aina mbili ana pa kushika.

Msitu wa Ngorongoro ndio unaoleta maji ya vitalu hivi. Ndio unaoleta nyani pia, nao hawachagui kati ya Hass na Fuerte.

Wakati naaga, mzee alikuwa amesimama mbele ya mti wa miaka miwili uliokuwa umechanua kwa mara ya kwanza, mzuri kweli, nyuki tele. Alikuwa akiyachuma maua yote, shada kwa shada, na kuyadondosha chini. Shina bado jembamba, alisema, mzigo wa nini?