Haidrojeni Moja, Upande Unaotakiwa

Mentoli ndiyo inayotia ubaridi kwenye dawa ya meno, pipi za kifua na dawa za kuchua. Molekuli yake ni ndogo: kaboni 10, haidrojeni 20, oksijeni 1. Ugumu uko kwenye mpangilio. Kaboni tatu ndani yake zinaweza kupangwa kila moja kwa namna mbili, hivyo fomula hiyo moja huzaa maumbo 8, yaani jozi 4 za pacha, kila pacha akiwa taswira ya mwenzake kiooni. Mnanaa hutengeneza zaidi umbo moja, lenye harufu safi na ubaridi mkali. Pacha wake ana ubaridi hafifu, na harufu yake si safi.

Pua hutambua tofauti hiyo kwa kuwa vipokezi vyake ni protini zenye upande: kandambili ya kushoto haikai mguu wa kulia. Mwaka 1971 watafiti walilithibitisha jambo hili kwa karvoni. Pacha mmoja hunuka mnanaa, mwingine hunuka kisibiti. Mfano mwingine unaorudiwa sana, kwamba limonini ya chungwa na ya limau ni pacha wa kioo, si sahihi. Katika matunda yote mawili, umbo lililotawala ni lilelile.

Mkemia akitaka mentoli bila shamba afanyeje? Kampuni ya Kijerumani ya Haarmann & Reimer ilianza na timoli, ikaiongezea haidrojeni, ikapata maumbo yote kwa pamoja. Kisha iliitenga jozi iliyohitajika kwa kukeneka na kuwatenganisha pacha kwa fuwele, na mabaki yakarudishwa kuchanganywa upya. Ni njia nzuri, lakini kazi kubwa ni kurekebisha kisichotakiwa.

Wajapani wa kampuni ya Takasago walitaka kisichotakiwa kisizaliwe kabisa. Malighafi yao ilitoka kwenye tapentaini ya misonobari: mirsini, ambayo haina upande wowote. Kwa litiamu waliiunganisha na amini, wakapata molekuli ndefu ambayo bado haina kulia wala kushoto. Hapo ndipo penye kiini cha kazi yote. Haidrojeni moja ilipaswa kuhama kutoka kaboni moja hadi nyingine, na kutua upande mmoja tu.

Aliyewezesha uhamisho huo ni Ryoji Noyori wa Nagoya. Yeye na Hidemasa Takaya walihangaika tangu 1974 hadi 1980 kuunda BINAP, molekuli yenye mabawa mawili mapana yasiyoweza kupishana, na fosforasi mbili zinazoishika atomi ya rodi. Mabawa hayo huziba upande mmoja, na haidrojeni hulazimika kupitia ule ulio wazi. Maji na asidi vikiiondoa amini, hubaki sitronelali yenye usafi wa asilimia 96 hadi 99 kwa umbo moja. Ile ya mafuta ya mmea wa sitronela haizidi takriban asilimia 80. Kichocheo kilichotengenezwa na binadamu kiliushinda mmea.

Hatua ninayoihusudu zaidi, hata hivyo, haina rodi. Zinki bromidi huufunga mnyororo kuwa pete, na kaboni mbili zilizobaki hujipanga zenyewe kwa kuifuata ile ya kwanza, kwa kuwa makundi yote matatu hutulia vizuri yakielekea nje ya pete. Kaboni moja iligharimiwa. Mbili zikafuata bila malipo. Nikeli na haidrojeni humalizia. Mapema miaka ya 1980 kiwanda kilikuwa kikifanya kazi, na mwaka 2001 Noyori alikuwa miongoni mwa waliopata Nobeli ya Kemia.

Sababu ya ubaridi ilijulikana baadaye. Mwaka 2002 maabara za David Julius na Ardem Patapoutian, kila moja kivyake, zilitambua kipokezi TRPM8, ambacho huamshwa na baridi halisi na pia na mentoli. Ngozi haipoi, neva ndiyo inayoambiwa kuna baridi. Pacha wa kioo anahitaji kiasi kikubwa zaidi ili aseme jambo hilohilo.

Kwa hiyo, ewe mtafiti unayechambua mafuta ya mimea yetu, usiishie kuandika “linaloli” au “limonini” na asilimia yake. Pima pia ni pacha yupi, maana dawa, manukato na wadudu hawawahesabu kuwa kitu kimoja.