Heko, Fundi wa Mifereji ya London

Wapo wanaosifiwa kwa minara. Mimi namsifu Joseph Bazalgette kwa kazi iliyofukiwa ardhini. Mwaka 1858 mto Thames ulinuka hata mapazia ya Bunge la Uingereza yakalowekwa dawa. Kipindupindu, nacho, kilikwisha kuua maelfu jijini London. Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya matofali, takriban kilomita 132, iliyoyadaka maji machafu kabla ya kuingia mtoni na kuyapeleka mbali, mashariki ya jiji. Saruji aliagiza ipimwe kwa ukali, na uangalifu huo ndio ninaouheshimu kuliko yote. Kipindupindu kiliporudi mwaka 1866, kiliwaangamiza hasa wakazi wa mashariki, ambako kazi yake ilikuwa haijakamilika. Mifereji yake mingi ingali inatumika.