Wasifu wa mtu wa dini ya jadi huandikwaje?

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na miongoni mwa waliojitolea kuikuza mapema ni Ndesanjo Macha, mmoja wa waanzilishi wa blogu za Kiswahili. Katika wasifu, kamusi elezo hii inafuata sharti moja kuu: habari iwe na chanzo kilichochapishwa, kisichotoka kwa mhusika wala jamaa zake, na ambacho msomaji anaweza kukifuata mwenyewe. Mtu haingii humo kwa kuheshimiwa na ukoo wake. Anaingia kwa kuwa wengine wameshaandika juu yake. Sharti hilo haliulizi dini. Hata hivyo, likitumika katika nchi ya Wameru, kwenye miteremko ya Mlima Meru karibu na Arusha, linaelemea upande mmoja, na naamini ubovu haumo katika sharti lenyewe. Umo katika vyanzo tulivyorithi, na katika uvivu wa wahariri wanaovinakili bila kusema vimetoka kwa nani.

Tuangalie Akeri, Oktoba 1896. Wamisionari wawili wa Misheni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko siku chache tu baada ya kufika. Mhariri anayetaka kuandika wasifu wa Ovir hapati shida: misheni ilikuwa na jarida lake, barua za wamisionari zilichapwa Ujerumani, na kifo chao kilisimuliwa tena na tena kama kifo cha mashahidi wa imani. Lakini Lobulu, mangi (chifu) wa Wameru, aliyenyongwa na Wajerumani Moshi tarehe 2 Machi 1900 pamoja na Mangi Meli na viongozi wengine wa Kichaga, Kimeru na Kiarusha, anaonekana katika maandishi ya zama zake kupitia macho ya waliomnyonga na ya wamisionari waliokuwa karibu nao. Kuhusu washili, yaani viongozi wa koo, na wataalamu wa matambiko waliomzunguka, ni shida hata kupata majina. Linganisha na Kirilo Japhet, Mmeru aliyesimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mwaka 1952 kupinga wenzake kufukuzwa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki. Kumbukumbu za baraza zilichapwa, na mwaka 1967 yeye na wakili Earle Seaton wakatoa kitabu kizima kuhusu kesi ile ya ardhi. Wasifu wa Kirilo una pa kusimama. Wazee waliobaki mlimani wakiwashikilia watu pamoja kwa njia za jadi hawakuacha karatasi, kwa hiyo hawana hata ile makala fupi ambayo Wikipedia yetu huiita mbegu.

Chanzo cha upande mmoja bado ni chanzo, ila kinataka mkono makini. Chukua sentensi kama hii: “Alikuwa mpagani aliyewachochea watu wake dhidi ya wazungu.” Ukiiweka na tanbihi ya jarida la misheni, umetimiza sharti kwa juu juu tu, kwa maana tanbihi inathibitisha kwamba mmisionari aliandika hivyo, haithibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mhariri anayejua kazi yake ataitenganisha. Tarehe, mahali na cheo atavieleza kama habari. Lawama atamrudishia aliyeitoa kwa jina na mwaka. Na dini ataieleza kwa yale yaliyotendeka, yaani tambiko gani, wapi, nani aliliongoza. Kazi hiyo haihitaji kanuni mpya, na inaweza kuanza leo.

Kwa mwandishi aliye hai anayeitetea dini ya jadi, mambo yanabadilika. Miongozo ya Wikipedia, hasa ile ya Kiingereza inayoigwa na nyingine nyingi, inakataza kumweka mtu aliye hai katika jamii (kundi la makala) ya dini fulani mpaka awe amejitambulisha hivyo hadharani, na imani hiyo iwe na uhusiano na kazi inayomfanya ajulikane. Haruhusiwi kujisifu ndani ya makala yake, ila anaweza kuonyesha kosa katika ukurasa wa majadiliano, na maandishi yake mwenyewe yanakubalika kwa mambo mepesi kama mahali alipozaliwa. Okot p'Bitek wa Uganda, aliyefariki mwaka 1982, anaonyesha jinsi mtu wa aina hiyo anavyoandikika. Aliwashambulia wazi wanazuoni walioivisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki na Kikristo, na kwa kuwa alichapisha, wengine wakamjibu, na majibu hayo ndiyo yanayobeba wasifu wake. Msimamo wake kuhusu dini tunausoma kwa maneno yake mwenyewe, si kwa maneno ya kasisi aliyemkasirikia.

Wapo watakaosema dini ni siri ya moyo, iachwe nje kabisa. Kwa mchezaji wa mpira au mfanyabiashara, nakubali. Kwa laiboni, kiongozi wa matambiko, au kwa mwandishi ambaye dini ya jadi ndiyo hoja ya vitabu vyake, kuiacha nje ni kumwandika mtu mwingine. Pingamizi zito zaidi ni la wanaotaka simulizi za wazee zikubaliwe moja kwa moja kama vyanzo. Mwaka 2011 mradi mmoja uliofadhiliwa na Wikimedia ulijaribu jambo hilo India na Afrika Kusini kwa kurekodi watu na kuwanukuu katika makala. Ulionyesha kwamba inawezekana, lakini haukubadilisha kanuni, na sababu inaeleweka: msomaji wa mbali hana njia ya kupima neno la mzee mmoja na la hasimu wake. Ukilegeza mlango kwa ajili ya mshili mkweli, umemlegezea pia mganga tapeli anayetaka kujitangaza.

Njia iliyobaki ni ya taratibu, ila iko mikononi mwa watu wa hapa. Chuo Kikuu cha Makumira kiko Usa River, katika nchi ileile ya Wameru, na jiji la Arusha lina waandishi wa habari na wanafunzi wa historia. Wazee wanaojua habari za koo na matambiko wahojiwe kwa ridhaa yao, jina la msimuliaji, mahali na mwaka viandikwe, masimulizi yanayopingana yawekwe pamoja, kisha yachapishwe kwa Kiswahili katika kitabu au jarida lenye mhariri anayewajibika. Anzeni na washili wa Akeri na Engare Nanyuki, kabla wajukuu wao hawajabaki na barua za misheni peke yake.