Kamba, Gunia na Miaka

Gunia la sukari hufumuliwa kuanzia upande mmoja tu. Ukiuvuta uzi kutoka upande wa pili, mshono hujikaza, na utaishia kuukata kwa wembe, kitanzi baada ya kitanzi. Mwalimu huligeuza gunia, akaupapasa mshono wa chini kwa kidole gumba mpaka aujue uelekeo wake, akakata vitanzi viwili vya kwanza kwa makasi madogo, kisha akavuta. Uzi wote hutoka kwa mkupuo mmoja. Hautupwi. Huuzungusha vidoleni, akaufunga na kuutia mfukoni, maana ndio atakaoshonea pindo baadaye.

Anafundisha Masomo ya Jamii katika shule moja ya msingi ya umma hapa Nakuru, Gredi ya Nne hadi ya Sita. Historia ya watoto hawa haina kipindi chake peke yake. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, iliunganishwa na jiografia na uraia, na mtaala wa umilisi umeiacha humo humo. Kitabu huipa kurasa chache. Zilizobaki Mwalimu huzitengeneza mwenyewe, jioni, watoto wakishaondoka, na mimi huketi kwenye dawati la nyuma nikitazama.

Gunia la nailoni limefumwa kwa mviringo, halina mshono ubavuni. Ili litandazike ni lazima likatwe. Mwalimu huchagua utepe mmoja wa nailoni na kuufuata kwa makasi kutoka juu hadi chini bila kuvuka kwenda utepe wa jirani, kwa sababu akivuka, ukingo huanza kuchanika hapo hapo. Kisha huwasha mshumaa. Ukingo hupitishwa juu ya ncha ya moto, si ndani yake. Akienda polepole, nailoni hujikunja na kuwa nyeusi. Akienda haraka, nyuzi hazishikani, na baada ya wiki moja ukutani zitaanza kuning’inia. Mkono wake huenda kwa mwendo usiobadilika, sentimita kwa sentimita, na nyuma yake huacha ukingo mgumu, laini, uliofungwa. Hufanya hivyo kwa magunia matatu. Huyaosha kwa sabuni ya unga, huyaanika kwenye ua wa shule, kisha huyashona pamoja, upande wa ndani ukiwa juu, kwa kuwa jina la kiwanda lililochapwa nje halitoki hata ukilisugua namna gani.

Hapo sasa ana uwanja mweupe unaozidi mita tatu kwa urefu. Sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi yake ndiyo hiyo inayofuata, nayo haina rangi wala picha. Ni kupima.

Chati za historia zinazouzwa madukani zina tabia moja inayonikera. Mtu wa kale na shoka lake la mawe yuko kwenye kisanduku cha kwanza, reli kwenye cha pili, uhuru kwenye cha tatu, na visanduku vyote vinalingana. Mtoto akiitazama huamini kwamba kutoka kwa mtu wa kale hadi kwenye reli ni kama kutoka reli hadi uhuru. Mwalimu hatumii visanduku. Huweka rula ya ubao ya mita moja juu ya gunia, akatia alama za chaki kila baada ya sentimita 2, na kila alama ni mwaka. Alama ya kwanza ni 1896, mwaka reli ilipoanza kujengwa Mombasa. Sentimita 6 mbele ni 1899, reli ikiwa Nairobi. Sentimita 2 tena, 1900, iko Nakuru. Sentimita 2 nyingine, 1901, imefika ziwani, Kisumu. Mambo manne yamejibana kwenye upana wa kiganja. Kisha rula husogea mbele, na kuna sehemu ndefu ambazo kitabu cha shule hakizitaji kabisa. Humo Mwalimu hachori chochote cha kujaza nafasi. Huziacha nyeupe.

Mwaka 1904 ulimsumbua. Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo mwaka huo, na mwaka huo huo yalitiwa sahihi makubaliano yaliyowaondoa Wamaasai kwenye malisho ya bonde hili, wakapelekwa Laikipia kaskazini na wengine kusini. Kuanzia 1911 wale wa Laikipia nao wakahamishiwa kusini. Vitabu vingi vya watoto huiandika habari ya mji na kuiruka ya Wamaasai. Mwalimu alisimama na chaki mkononi kwa muda, akapima kutoka kwenye mstari sentimita 5 kwenda juu na sentimita 5 kwenda chini. Juu aliandika mji. Chini, kwa herufi za kimo kile kile, aliandika Wamaasai. Nilipomwuliza alijibu bila kuinua macho, “Ni mwaka mmoja. Ningeyaweka wapi kwingine?”

Kuandika juu ya nailoni si sawa na kuandika juu ya manila. Wino hukimbilia kwenye vijia kati ya utepe na utepe, na herufi iliyorudiwa mara mbili huvimba. Kwa hiyo kila mkwaju hupigwa mara moja. Kwanza huchora mistari miwili ya chaki, sentimita 4 kati yake, na kuzipanga herufi zote kwa penseli. Kisha hujaribu kalamu ya maka kwenye kipande cha gunia kilichobaki, ili wino wa ziada ubaki huko. Halafu huandika akiwa amesimama, mkono mzima ukisogea kutoka begani, si kifundo cha mkono peke yake, na pumzi huitoa mwisho wa kila neno. Kando ana pamba yenye spiriti ya kufutia makosa. Mara nyingi hukauka bila kuguswa. Rangi ni nyeusi tu kwa maneno. Nyekundu aliiacha baada ya kuona jua la dirishani likiifuta ndani ya muhula mmoja. Mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru, umeandikwa kwa wino ule ule mweusi na kwa kimo kile kile cha 1963, mwaka wa uhuru, na cha 2021, mwaka Nakuru ilipokuwa jiji. Wazazi wa watoto wake ni watu waliouishi mwaka ule, na si wote waliuishi upande mmoja. Hakuna picha hapo. Chini ya tarehe kuna nafasi nyeupe pana kuliko nyingine zote kwenye chati.

Lakini gunia linaanza mwaka 1896, na Nakuru haikuanza na treni. Kwa sababu hiyo kuna kamba.

Ni kamba ya katani, ya kawaida, ya aina itokayo kwenye mashamba ya mkonge upande wa Mogotio. Kabla ya kuipima huiroweka usiku kucha, kisha huifunga kati ya miti miwili ikiwa imekazwa na kuiacha ikauke, kwa maana katani mpya haishiki kipimo. Ukiitia alama siku ya kuinunua, mvua ya kwanza itakuvurugia karne. Safari hii kipimo ni sentimita 1 kwa mwaka. Mita moja ni miaka 100. Kwenye kilima cha Hyrax, nje kidogo ya mji, mahali ambapo Louis Leakey alipagundua mwaka 1926 na Mary Leakey akapachimba kuanzia 1937, watu waliishi na kuzika wafu wao yapata miaka 3,000 iliyopita. Hiyo ni mita 30 za kamba.

Nilidhani ataweka fundo kila baada ya mita. Alitikisa kichwa. Fundo hula kamba, akasema, sentimita 4 hivi, na kila fundo lingemwibia miaka minne. Mafundo 30 yangemla zaidi ya karne nzima. Badala yake hutumia mabaki ya vitambaa anayopewa na fundi wa cherehani, yaliyokatwa vipande vyembamba na kuzungushwa juu ya kamba bila kuipinda. Jambo lenye mwaka unaojulikana hupata kitambaa kimoja chembamba. Jambo lisilo na mwaka mmoja hupata kitambaa kirefu. Wasirikwa, waliochimba mazizi ya ng’ombe ardhini na ambao mashimo yao bado yanaonekana pale Hyrax, wanahesabiwa tangu karne ya 13 hivi hadi ya 17. Kwao Mwalimu ameifunika kamba kwa kitambaa cha kahawia chenye urefu wa mita 5, akikizungusha kwa mshazari, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia. Ilimchukua jioni nzima. Pande zote mbili kitambaa kinaishia kwa matambara yaliyochanwa makusudi, ili mtoto asije akadhani Wasirikwa walianza Jumatatu na kumaliza Ijumaa.

Kamba ikitandazwa uwanjani, watoto huitembea. Gunia lote, pamoja na reli, Wamaasai, uhuru na jiji, ni mita moja na ushei tu ya mwisho wake.

Kisha kuna shoka. Kariandusi, karibu na Gilgil, Louis Leakey alikuta mwaka 1928 mashoka ya mkono ya mawe, mengine ya lava, mengine ya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong’aa kama kioo. Umri wake hukadiriwa kati ya miaka laki saba na milioni moja. Kwa kipimo cha kamba hiyo ni kilomita 7 hadi 10. Mtoto angetoka katikati ya mji akaelekea Lanet kwa miguu, na bado angekuwa anaishika kamba. Hilo Mwalimu hulisema kwa mdomo tu. Analoweza kuwapa mkononi ni shoka lenyewe, na kwa kuwa sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inalinda mawe ya kale, na yeye hawezi kumfundisha mtoto historia kwa kitu kilichoibwa, hulitengeneza kwa magazeti.

Magazeti huchanwa kwa mkono, hayakatwi, kwa sababu ukingo uliochanika hushikana vizuri. Hurowekwa kwenye maji ya moto mpaka kesho yake, hutwangwa kwenye kinu, hukamuliwa, huchanganywa na uji mzito wa unga wa ngano wenye chumvi na pilipili, kwani panya wa stoo wanaupenda uji huo kuliko watoto wanavyoipenda historia. Katikati ya donge huweka jiwe la mto. Nililiona hilo nikadhani ni la kuokoa karatasi. Si hivyo. Shoka la karatasi tupu ni jepesi, mtoto akilishika mkono wake haumwambii lolote. Likiwa na jiwe ndani, mkono hushuka kidogo, na uso hubadilika.

Halafu huliumba: pana chini, limechongoka juu, nyuso mbili zikikutana kwenye ukingo unaozunguka pande zote. Huliacha likauke kivulini mpaka liwe kati ya ubichi na ukavu, na hapo ndipo huchukua kijiko. Kwa mgongo wa kijiko hubonyeza vishimo vya kina kifupi, kimoja kikila ukingo wa kingine, kuanzia pembeni kuelekea katikati, kama alama anazoacha mchongaji wa jiwe anapobandua vigae. Hugeuza, hubonyeza upande wa pili. Akichelewa saa chache, karatasi hupasuka. Akiwahi, vishimo hufutika vyenyewe. Hubonyeza kimoja, huligusa kwa shavu kupima unyevu, husubiri. Mwezi wa Julai, kwa baridi ya Nakuru, kungoja huko huweza kuchukua siku kadhaa. Likishakauka kabisa hupitishwa msasa kwenye matuta tu, si ndani ya vishimo, kisha hupakwa rangi nyeusi ya viatu na kusuguliwa kwa kitambaa, tabaka juu ya tabaka, mpaka mwanga wa dirisha uonekane juu yake.

Chati ya gunia ndiyo pekee isiyokwisha. Ukingoni mwake umefungwa uzi, na juu ya uzi kuna vibanio vya nguo. Watoto huleta miaka ya nyumbani, ikaandikwa kwenye vikadi vya manila na kubanwa mahali pake. Nyuma ya kadi huandikwa nani amesema. Kadi hazigandishwi kwa gundi, zinaweza kusogezwa. Juzi mvulana mmoja alileta mbili: babu yake anasema familia ilihamia Bahati mwaka 1972, wakati kampuni za kununua ardhi zilipokuwa zikigawa mashamba, nyanya anasema 1975. Mwalimu alizibana zote mbili, sentimita 6 kati yake.

“Ipi ni ya kweli, Mwalimu?”

“Sijui. Rudi umwulize nyanya, mlipohamia, J. M. Kariuki alikuwa hai?”

Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa mwezi wa Machi 1975, na watu wa umri wa nyanya huyo hukumbuka walikuwa wapi habari ilipofika. Mvulana alirudi na jibu: walikuwa tayari Bahati, nyumba imeezekwa, na redio ilikuwa ya jirani. Mwalimu aliweka rula, akaisogeza kadi ya nyanya upande wa kushoto wa 1975, akaongeza alama ya kuuliza kwa penseli, na ya babu akaiacha ilipokuwa.